Maji ya Kusuuza Paa

Oduor alikuwa amepiga goti moja juu ya vigae, mpira wa maji mkononi, akisuuza upande wa nyuma wa paa kutoka juu kwenda chini, safu baada ya safu. Maji yalishuka yakiwa ya kahawia, yamebeba vipande vya kuvumwani, ule ukoga mgumu wa vigae, vilivyoota humo kwa miaka, na mahali yalipopita vigae vilibaki vyekundu. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Labda ndiyo sababu alichelewa kugundua kwamba chini kulikuwa kimya.

Anayesafisha paa hutumia masikio kama anavyotumia mikono. Maji yakitoka kwenye vigae huingia mfereji wa ukingoni, hushuka na paipu, na mwisho hupiga saruji nyuma ya jiko. Mshindo huo ndio humwambia aliye juu kwamba mfereji haujaziba. Oduor aliinamisha kichwa akasikiliza. Mshindo haukuwapo. Palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya ndani, kama mtu anayejaza jerikeni katika chumba kilichofungwa.

Alimpungia Bonny, mwenzake wa kazi, mkono azime pampu, akashuka ngazi haraka kuliko anavyoruhusu mtu yeyote wa kazi yake kushuka.

Kiwiko cha paipu kilikuwa kimeingia kwenye mdomo wa tangi, lile la maji ya mvua ambayo nyumba nzima huyapikia na kuyanywa.

Asubuhi, kabla ya kufungua mtungi wa dawa ya kuua kuvu, alikigeuza kwa mkono wake mwenyewe kikatazama nje. Hata alikitikisa, akaona kimeshika. Sasa kilikuwa kimegeuzwa kabisa, na matone ya mwisho ya kahawia yalikuwa yanaingia tangini moja moja.

"Mimi sijagusa," alisema Bonny, aliyekuwa amefika nyuma yake na glavu zake mkononi. "Mimi leo nimegusa mpira na pampu tu, na pampu yenyewe imenichoma."

Oduor alimpita. Alikitoa kiwiko, akakielekeza nje, kisha akafungua koki ya tangi na kukinga maji kidogo kiganjani. Yalikuwa na vumbi lakini hayakuwa meusi. Akayanusa. Hayakunuka kitu, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu dawa aliyotumia haikuwa na harufu.

Nyumba hiyo ya Mengo ilikuwa ya Aryemo, mjane wa polisi aliyeitwa Obwona. Aliyeijenga alikuwa mtu wa zamani aliyependa vigae, na vigae katika mji huu havikai vyekundu. Ukungu wa asubuhi, mvua za misimu miwili, na mfenesi mkubwa uliokula jua la upande wa nyuma vilifanya paa kuwa jeusi kwanza, kisha kijani, kisha likaanza kuota vitu vyenye mizizi. Aryemo alikuwa ameishi nalo hivyo bila shida. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya wajomba wa mchumba wa binti yake Anena kuja kutoka kaskazini kuzungumza mambo ya mahari, na Aryemo hakutaka wakae uani wakitazama msitu juu ya nyumba yake.

Walipatana bei wakiwa wamesimama chini ya mfenesi huo. Oduor, ambaye alitoka Kisumu miaka mingi iliyopita na kujifunza kazi hii kwa kuharibu mapaa machache ya watu wenye subira, alitaja shilingi laki tisa. Aryemo aliuliza kila kitu kimoja kimoja, kama mke wa askari anayekagua posho. Klorini ingekuwa rahisi, lakini ingenuka mpaka siku ya wageni na kuunguza maua yake. Akachagua ile dawa ghali isiyonuka. Ngazi, pampu, maji ya mapipa kwenye pikapu kwa kuwa mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, yote aliyakubali. Mwisho wakafika kwenye tangi: kufunga paipu kwa kifuniko na waya, kuziba koki, kumwaga maji yaliyomo na kulisugua baada ya kazi, na kuletea nyumba maji ya kunywa siku zote za kazi.

"Laki mbili nzima kwa kufunga paipu?" Aryemo alisema. "Paipu yenyewe inageuka kwa mkono, Oduor. Wewe igeuze tu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Oduor alijua wateja wengi husema hivyo, na akajua pia kwamba asingekubali, kuna vijana wa mtaa wa Kisenyi wangekuja na brashi za chuma kwa nusu ya bei na kuvivunja vigae. Akasema sawa, ataigeuza tu.

Sasa Aryemo alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko, akamwona alivyosimama, akauliza kuna nini. Oduor alimweleza polepole. Maji ya paa yaliingia tangini. Hajui ni kiasi gani. Hakuna mtu aguse koki. Je, kuna aliyeteka leo?

Aryemo aliweka mwiko chini. Wao wenyewe walikuwa wanatumia maji ya jana ya ndoo za ndani. Wapangaji wa vyumba vya nyuma walikuwa kazini tangu alfajiri. Wote, isipokuwa Annick.

Annick alikuwa Mkongomani aliyekodi chumba cha mwisho. Alipika uji wa mahindi na soya na kuwauzia mafundi wa magari Kisenyi kila alasiri. Mchana huo, Aryemo alisema, Annick alijaza jerikeni mbili kwenye tangi, akazifunga nyuma ya bodaboda na kuondoka.

"Na ni yeye aliyegeuza," Aryemo aliongeza, sauti yake ikipanda. "Anaogopa maji yasimwishie. Alisikia maji juu, akaona ni ya bure."

Oduor alisema inawezekana. Akaomba simu ya Annick ipigwe. Ilikuwa imezimwa. Annick huizima akiwa kazini kulinda chaji, kila mtu alijua.

Alisimama akipanga mambo kichwani, kwa sababu akianza kukimbia kabla ya kupanga angekimbilia pabaya. Leo walifanya kazi ya upande wa nyuma kwa hatua tatu. Asubuhi Bonny alilowesha vigae kwa maji matupu, yeye Oduor akiwa kwenye pikapu anachanganya dawa. Kisha yeye akapuliza dawa, na bomba la kupulizia halitoi sauti, lakini dawa inayozidi hutiririka mferejini kwa saa nzima. Kisha wakaiacha ifanye kazi, na alasiri ndiyo akaanza kusuuza. Ikiwa kiwiko kiligeuzwa alasiri, wakati wa kusuuza, Annick alikuwa ameshaondoka na maji safi. Ikiwa kiligeuzwa asubuhi, alikuwa ameondoka na dawa.

Maandishi ya mtungi alikuwa ameyasoma mara nyingi. Yalisema maji ya paa yasinywewe mpaka mvua mbili kubwa zipite juu yake. Hayakusema mtu akinywa kidogo itakuwaje, na hayakusema kidogo ni kiasi gani.

Bonny alisema twende Kisenyi moja kwa moja. Oduor alikuwa ameshaanza kwenda ndani ya nyumba.

Kwenye ukumbi, juu ya mkeka, Atoo alikuwa anachambua simsim, yaani ufuta, kwenye ungo. Alikuwa mama wa marehemu Obwona, na watu wote wa nyumba hiyo, hata wapangaji, walimwita Dayo, yaani nyanya kwa Kiacholi. Oduor alivua gamubuti mlangoni, akaketi kwenye kizingiti, akamsalimu kwa Kijaluo chake. Lugha zao ni ndugu, salamu haikuwapa shida. Lakini Dayo aliitikia kwa Kiswahili, kile cha kambi za polisi alikoishi na mwanawe.

"Wewe nani alikutuma?"

"Hakuna, Dayo. Nimekuja kuuliza kama leo ulisikia mvua."

Vidole vya Dayo viliendelea kuokota vijiwe. Nje Aryemo alikuwa anampigia simu mtu mwingine, akiuliza kwa sauti ya juu kama kuna anayejua mahali hasa Annick anapokaa na sufuria zake. Oduor hakuharakisha. Katika nyumba hii kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kumwambia fundi: maji yakisikika juu ya paa, aliye karibu hutoka na kugeuza kiwiko, hata kama uji unaungua. Oduor alikuwa ameikisia, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi zinazokunywa mvua. Na aliyekuwa karibu siku zote alikuwa huyu.

"Mimi nasikia maji juu ya nyumba, mimi natoka, mimi nageuza," Dayo alisema hatimaye. "Jua ilikuwa inawaka. Nikasema hii ni mvua ya jua, itakwisha upesi. Nilipotoka tena nikaona huyu wako na mpira yake huko juu. Nikasema nitarudisha paipu. Kisha nikasahau."

"Haidhuru, Dayo."

"Inadhuru. Ndiyo hiyo neno wanangoja. Wakisikia nimesahau, watasema kichwa ya mama imekwisha. Wageni wakiondoka, na mimi wananipandisha basi, narudi kijijini."

Oduor alitazama ungo. Simsim iliyochambuliwa ilikuwa lundo safi upande mmoja. Aliuliza neno moja tu.

"Ulipogeuza, ulikuwa umekunywa chai ya asubuhi?"

"Chai gani? Chai ilikuwa bado."

Ilikuwa asubuhi basi, kabla ya dawa. Oduor alivaa gamubuti bila kuingiza miguu vizuri, akatoka. Alimwambia Bonny amwage tangi lote kwenye mtaro wa nje, mbali na mboga, na asimruhusu mtu kukinga hata kikombe. Kisha akakimbilia barabarani akasimamisha bodaboda.

Kutoka Mengo hadi Kisenyi ni mteremko, na mwenye bodaboda hakuhitaji kuhimizwa, lakini Oduor alimhimiza. Njiani alijaribu kuhesabu dawa aliyoweka kwenye pipa, na maji yaliyokuwa tangini, na jerikeni mbili, na kila alipofika mwisho wa hesabu aliona sura ya mtu ameshika tumbo na kuanza upya. Hajawahi kumdhuru mtu. Alikuwa amewahi kuvunja vigae, na mara moja kung'oa rangi ya ukuta wa kanisa. Lakini hivyo hulipwa na kusahauliwa.

Annick alikuwa mahali pake, kati ya lundo la matairi na duka la jumla la Wasomali, kanga imefungwa kichwani, sufuria mbili juu ya majiko ya mkaa. Moja ilikuwa tupu, imeinamishwa. Nyingine ilikuwa inafuka mvuke. Mafundi watatu wanne walikuwa wamechuchumaa kumzunguka, vikombe vya plastiki mikononi.

Oduor alishuka akiwa na neno tayari kinywani, akalimeza. Aliona vikombe vile, na macho yaliyomgeukia, na akaona pia itakavyokuwa akilipaza. Neno sumu likitamkwa katika uchochoro ule lingefika stendi ya teksi kabla yake. Alipita kati yao, akachuchumaa karibu na Annick kama mtu anayetaka kukopa.

Mmoja wa mafundi alimtambua. "Fundi wa paa! Leo huko juu kumekuwa na baridi, umeshuka kuota moto?"

Oduor alicheka kidogo kwa heshima. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia Annick habari yote, kwa mpangilio, bila kuacha kitu na bila kumtaja aliyegeuza. Annick aliendelea kukoroga. Alipomaliza, aliuliza jambo moja: maji ya leo, au ya jana?

"Ya leo mchana."

Mabega yake yalishuka. "Papa, umeniogopesha bure. Maji ya leo mimi nayalaza. Yanalala usiku, takataka inashuka chini, kesho ndiyo yanapika. Uji wa leo ni maji ya jana." Alionyesha kwa kidole cha mguu jerikeni mbili chini ya meza, zimefunikwa gunia. "Hizo hapo."

Oduor aliinama, akavuta gunia. Jerikeni moja ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Nyingine ilikuwa imepungua.

Annick alizitazama naye. Mkono wake ulisimama juu ya mwiko.

Ilikuwa lori, alisema polepole. Lori la mkaa lilikuja na watu wengi juu yake, sufuria ya kwanza ikaisha mara moja, na hii ya pili ikawa nzito mno. Aliongeza jagi moja. Jagi moja tu, hata halikujaa.

Kisha Annick akamshika Oduor mkono wa ovaroli, akauvuta. "Usiseme hapa. Ukisema hapa mimi nimekwisha. Nitarudi Bukavu na nini?"

"Nani amekunywa ya pili?"

Alihesabu kwa macho bila kunyoosha kidole. Okwir, yule anayechomelea, vikombe viwili. Mzee wa betri, kimoja. Na dereva wa lile lori, kimoja, na kingine akatia kwenye chupa ya chai kumpelekea mtoto wake nyumbani, mtaa wa Bwaise.

Oduor alimwambia Annick aseme uji umeungua. Annick akasema kwa sauti, akijilaumu, akainua sufuria na kuimwaga kwenye mtaro. Mafundi walilalamika. Mmoja alisema mapenzi ndiyo yameunguza uji, tazameni huyu Mjaluo alivyomkalia karibu. Annick alimjibu vizuri, wakacheka, naye akafunika jiko.

Alichokubali Oduor ni kutosema hadharani. Kutosema kabisa hakukubali. Alimwendea mzee wa betri kwanza, kisha Okwir nyuma ya mabati yake, akawaambia mmoja mmoja, akiwa amechuchumaa. Alisema kosa ni la kazi yake, si la mama wa uji. Mzee alisikiliza na kutikisa kichwa, akaomba namba ya simu. Okwir aliinua kioo chake cha kuchomelea.

"Mimi petroli naivuta kwa mdomo kila siku, na mpira," alisema. "Dawa ya kuvu itanifanya nini? Labda itaniosha ndani." Lakini kisha akaweka mkono tumboni kana kwamba anasikiliza. "Nikiumwa utakuja?"

"Nitakuja. Hata usipoumwa nitakuja."

Namba ya dereva ilipatikana kwa mwenye gereji, kwa maelezo kwamba Oduor alitaka kununua mkaa. Simu iliita mpaka ikakata. Aliipiga tena, na tena, akiwa amesimama kando ya matairi, kidole kwenye sikio la pili. Mwenye gereji alisema yule hapokei akiwa njiani, na nyumbani kwake Bwaise hakuna anayepajua. Kesho asubuhi atakuja. Giaboksi ya lori lake la pili iko hapa.

Alirudi Mengo na Annick, jerikeni zote mbili zimemwagwa, kwa miguu kwa sababu Annick hakutaka kupanda bodaboda. Kilima kilikuwa kirefu. Annick aliuliza kama mtoto anaweza kufa kwa jagi moja ndani ya sufuria nzima. Oduor alisema hadhani. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili alikuwa anajisemea mwenyewe.

Tangi lilikuwa tupu walipofika, na Bonny alikuwa ndani yake mpaka kiunoni, akisugua. Aryemo alisimama kando, mikono kifuani. Alimtazama Annick, kisha Oduor, akauliza kama imejulikana ni nani aliyegeuza. Nyuma yake, dirishani, Dayo alikuwa ameketi na ungo wake, hachambui.

"Paipu niliiacha wazi," Oduor alisema. "Niliyepaswa kuifunga ni mimi."

Aryemo alitazama dirishani, na alipogeuka uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kama mtu aliyelipata jibu lake huko. Alimwambia Annick aingie ndani achukue maji ya ndoo, ya kutosha kupika kesho. Kisha, kwa Oduor, bila kumtazama, akasema warudi kwenye ile bei ya kwanza, laki tisa, na kazi ya tangi ndani yake.

Oduor alisema wangezungumza kazi ikiisha. Upande wa mbele wa paa ulikuwa bado mweusi wote, na nusu ya nyuma haijasuuzwa, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Alifunga mdomo wa paipu kwa mfuko wa plastiki na waya, mizunguko mingi kuliko ilivyohitajika. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Alipofika chini ya dirisha, Dayo aliongea kwa sauti ndogo.

"Mvua ikinyesha leo, nigeuze?"

"Leo iache ipite, Dayo."

"Yote?"

"Yote. Na ya kesho pia."

Dayo hakupenda. Alitazama mawingu kama mtu anayetazama wageni wakipita mbele ya nyumba yake bila kuingia.

Bonny alifunga ngazi kwenye pikapu, akauliza kesho waanze saa ngapi. Oduor alisema yeye Bonny aje mapema aandae pampu, lakini asipande. Amngoje. Yeye atapita Kisenyi kwanza.

Kisha akaketi kwenye ukingo wa pikapu, matone ya kwanza yakimpiga begani, na kuipiga tena ile namba ya dereva wa Bwaise.